Swichi ya Chumbani

Barabara ya Nzega haina tatizo.
Mwendo wa themanini, upepo unaingia kifuani mwa Karina,
mshale wa joto umelala chini ya nusu kama paka.
Tatizo ni kusimama.
Ukisimama tu (ng'ombe wanavuka, trafiki kanyoosha mkono,
mama wa uyoga kaleta beseni dirishani)
mshale unaamka, unajinyoosha,
unaanza safari ya kwenye wekundu.

"Likienda linapoa, likisimama linachemka,"
alisema Mihayo hata boneti sijafungua.
"Maji yapo? Basi ni feni. Lete funguo, kaa pale."
Pale palikuwa tairi la lori, Ng'ambo, saa nne asubuhi,
Oktoba, mwezi ambao Tabora huchemka bila kusaidiwa.

Akaanza na fyuzi. Akaichomoa kwa kucha,
akainyanyua juani kama mtu anayekagua yai.
Uzi wake mzima.
Akagonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Kimya.
Akachomoa soketi ya feni, akavuta nyaya mbili hadi kwenye betri,
na feni ikaruka, vuuu!
ikatupulizia vumbi la miaka, mabawa ya panzi,
ganda moja la karanga.
"Mota nzima. Aliyelala ni yule wa kuiamsha."

Akashuka kwenye swichi ya joto, ubavuni mwa rejeta.
Magari ya umri huu, ukiichomoa hiyo,
feni sharti ipige kelele.
Haikupiga.
Akafuata waya kwa vidole, taratibu, macho kayafumba,
akafika ulipokatwa.
Ncha zimefungwa tepu, mkia wa tepu umekunjwa.
"Huyu si fundi magari," akasema.
"Sisi hatukunji mkia."

Nikaujua ule mkunjo.
Miaka thelathini na mmoja baba alifunga nyaya za ishara za reli,
na kila tepu aliikunja mwishoni
ili ajaye baadaye asihangaike kutafuta mwanzo.
Hata mfuko wa sukari jikoni.

Toka hapo waya mwekundu, usio wa Kijapani,
ulipenya ukuta wa injini, ukapita nyuma ya redio,
ukatokea chini ya usukani, mahali goti halifiki ila mkono.
Swichi ya taa ya chumbani.
Nyeupe iliyogeuka rangi ya meno,
pembeni ina doa la kijani, ukuta wetu wa Isevya.
Imezimwa.

Nadhani niliizima mimi, kwa tambara,
nilipolisafisha gari baada ya arobaini,
nikisugua kila alipogusa.

"Hakukwambia?"
Alinionyesha jeki. Alinionyesha spea na karatasi za bima.
Alisema gari halina shida.
Kwake halikuwa nayo; mkono wake ulishajua.
Na mimi miezi mitatu natembea na madumu ya maji,
nimebadilisha mfuniko wa rejeta,
fundi wa Nzega kanitolea thamostati, kanitoza elfu arobaini,
nikimtetea marehemu kwa kila aliyeniambia
hilo gari baba yako alikuachia mzigo.
Nilikasirika, sifichi. Nikacheka. Mihayo akatazama pembeni.

"Nakuwekea swichi mpya ya joto, kama kiwandani.
Feni itajiwasha, itajizima,
utasahau kama unayo."
Nikamwambia weka. Na thamostati rudisha.
"Na hii?" Koleo tayari mkononi.
Iache. Unganisha zote mbili.
"Ya kazi gani sasa?"
Sikuwa na jibu la kifundi.

Jioni, kwenye kivuko cha reli,
treni ya mizigo inapita behewa kwa behewa, haina haraka.
Mshale umefika nusu, unafikiria.
Swichi mpya ingeamua, najua, ilibaki nukta mbili tatu.
Mkono umeshashuka.
Ta.
Mwenye baiskeli ya mkaa ageuka kutafuta
ni nani anayepumua hivyo.