Kengele ya Mia na Ishirini

Gari yangu ina kengele.
Ukivuka mia na ishirini inalia, ti ti ti,
kama kifaranga kilichopoteana na mama yake,
na haikomi mpaka mguu uone haya.
Kwangu mimi hiyo ndiyo mizani ya riwaya.

Ibra mpaka Ruwi, saa mbili kasoro,
milima rangi ya mkate ulioungua,
na masikioni mtu ananisomea.

Cha mwezi wa Shaabani kilikuwa cha mauaji.
Msomaji ana sauti nzuri, sikatai,
ila ana tabia: kabla mtu hajafa, anavuta pumzi.
Hhh, na mpishi yuko chini.
Hhh, kwaheri shemeji.
Kufika sura ya tano mimi nakwenda tisini,
malori ya mchanga yananipita.

Kilichofuata kilikuwa cha karatasi,
kurasa mia nne na kumi.
Nimekiacha ya sitini na moja:
bibi harusi kapika biriani ya watu mia mbili
na vidole vyake havinuki hata kitunguu.
Mwandishi, mwanangu, umewahi kuingia jikoni?
Uongo nausamehe, ndiyo kazi ya riwaya,
lakini uongo usio na kitunguu siuwezi.
Rayya wa maabara anasema kinanoga kuanzia ya mia mbili.
Nikamwambia, na maisha yangu nayo naambiwa hivyo hivyo.
Siwezi kusubiri viwili.

Halafu kile cha ndugu wawili na kisima.
Mdogo kamteremsha mkubwa kwa kamba,
na juu hapo barua imefika,
anaifungua kwa meno,
anaisoma kwa mkono mmoja,
na ule mwingine
ti ti ti
sikusikia.
Rada ya Bidbid ndiyo iliyosikia.
Faini riali kumi, kitabu tatu na nusu.
Sijutii hata baisa.

Binamu yangu Mundhir ananicheka:
"Hujasoma wewe, umesikia tu."
Ana rafu ukuta mzima,
vitabu vimesimama kama askari wasioonja vita,
mgongo hata mmoja haujapinda.
Mundhir, nikamwambia, mama yangu
herufi alizofundishwa Wete ni za Msahafu, basi.
Nilimwekea simu jikoni, juu ya pipa la mchele.
Kitabu kizima kakimaliza akichambua choroko,
anagombana nacho: "Muongo huyo! Usiolewe naye!"
Akaolewa. Akafa sura ya ishirini.
Mama usiku ule kamuombea maghfira,
mtu ambaye hakuzaliwa.
Sasa niambie, katika rafu yako
kipi kishaombewa?
Akanyamaza, akaomba kahawa.
(Mama naye asijifanye malaika.
Kuhusu msomaji alisema: "Huyu anasoma kama mtu anayedai kodi.")

Hiki cha sasa sijui nikiweke wapi.
Fundi wa saa anatafuta skrubu iliyomdondoka.
Chumba cha pili mkewe anapiga pasi.
Hawasemezani tangu mtoto wao asafiri.
Ndiyo hivyo tu. Saa sita za kusikiliza, skrubu na pasi.
Kengele haikulia hata mara moja,
sabini, themanini, sabini,
nikajiandaa kusema kimepoa.

Jana nimefika Ruwi, nimeegesha nyuma ya kliniki,
jua la Juni linakaanga bati,
damu za watu zinanisubiri kwenye vichupa,
na mimi nimekaa, injini inanguruma,
kwa sababu chumba cha pili
pasi imenyamaza.

Dakika sita nimechelewa.
Kiti kikasikika kikisogea.
Ameinuka, lakini anamwendea mumewe
au anakwenda kuchota maji tu,
hapo nimezima.

Leo nimerudi Ibra kimya, bila kitabu, bila redio.
Karibu na Samad nikatazama mshale:
hamsini na tano,
barabara nyeupe mbele yangu,
na mwenye lori nyuma ananipigia honi.