Ukingo wa Nukta

Kharkiv, theluji ya Machi imegeuka tope.
Rufina ameinamia picha iliyoletwa na chombo
kutoka upande ule wa mwezi usiotugeukia kamwe,
lenzi jichoni, penseli sikioni,
chai imepoa kando ya rula.

Anatafuta duara. Halipati.
Kaskazini umebaki ukingo kama ufizi wa kibogoyo;
kusini hakuna kitu: shimo changa liliangukia pale
likala ukuta, na jingine likaja likalila lile.
"Hilo doa la filamu," asema Ostap, akivaa koti.
Rufina hajibu. Anapima kivuli mara ya nne.

Nyuma ya nyumba ya mama yake
bomu la mwaka wa arobaini na tatu
lilichimba shimo, likameza mbuzi na nusu ya banda.
Mvua ikalijaza. Watoto wakateleza humo kwa mabeseni.
Mama akapanda viazi.
Leo ni mbonyeo tu bustanini,
mgeni huyumba hapo asijue kwa nini.

Kule hakuna mvua, wala mtoto, wala kiazi.
Shimo hufutwa na mashimo,
pigo juu ya pigo,
hata kidonda cha kwanza kikadhaniwa uwanda.

Saa mbili usiku anauchora ule ukingo
kwa nukta, alama ya tusilo na hakika nalo,
na pembeni, kwa herufi ndogo: lipo.

Taa ya korido imezimwa.
Rufina anachonga penseli.
Chini ya lile
ameona ukingo wa jingine.