Umesikia kwa Nani?

Wiki ya kwanza niliwapa slaidi arobaini na moja.
Walikaa thelathini na wawili, wamelowa mvua ya Dundee,
makoti yakichuruzika juu ya zulia la chuo.
Nikawaeleza katalogi, nikawaeleza namna ya kunukuu,
nukta hapa, mkato pale.
Mmoja alilala. Mmoja aliuliza choo kiko wapi,
na hilo ndilo swali pekee nililolijibu vizuri siku ile.

Fergus alirudi Jumanne, saa mbili usiku,
akasimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa.
"Natafuta viwanda."
Viwanda gani?
"Vya hapa."
Tukaandika neno lake kwenye kisanduku cheupe,
kompyuta ikatumwagia milioni mbili na ushei:
vya sukari, vya viatu, vya Uchina.
Akacheka kwa uchovu, akaanza kufunga begi.

Ngoja, nikamwambia. Swali ni kisu cha jikoni,
ukubwa haukati mboga, makali ndiyo.
Kiwanda cha nini? Cha magunia ya juti.
Mtaa gani? Lochee.
Mwaka gani?
Hapo akanyamaza, kisha kwa sauti ndogo:
"Mwaka alioanza kazi bibi yangu."

Baba yangu alikata mkonge Korogwe.
Gunia nalijua tangu lilipokuwa jani lenye mwiba.
Sikumwambia; usiku ule ulikuwa wa bibi yake.

Lakini utafiti sikufundishwa chuoni.
Nilifundishwa barazani kwa shangazi Mwanahawa.
Mtu akija na habari, fulani kaachika, fulani kahama,
shangazi kimya, vidole vinachambua mchele,
kisha taratibu: Umesikia kwa nani?
Na huyo, kasikia kwa nani?
Alikuwepo, au alipita njiani?
Habari ngapi zilitupwa pale pamoja na chuya!
Tanbihi bora kuliko ile sijaiona.

Tukashuka chini, kwenye mashine ya mikrofilamu
inayokoroma kama mzee mwenye mafua.
Madaftari ya mishahara, 1964.
Geddes, Isobel: hakuna. Tukarudia: hakuna.
Nikasema, sasa andika kama karani aliyechoka
Ijumaa jioni, wino umebaki kidogo.
Na huyo hapo.
*Geddis, I. Miaka 15. Kuchelewa dakika sita. Faini, shilingi moja.*
Fergus akaweka kidole juu ya kioo.
Hairuhusiwi.
Nikajifanya natafuta miwani.

Alhamisi akaja mbio na ile karatasi, imekunjwa mara nne.
"Bibi anasema ni uongo mtupu! Zilikuwa dakika nne.
Saa ya lango ilikuwa inakimbia, kila mtu alijua.
Sasa niandike ipi?"

Zote mbili.
Daftari lina karani wake, karani ana bosi wake,
na bibi ana hasira ya miaka sitini.
Mpe kila mmoja jina lake na nafasi yake,
msomaji atawauliza mwenyewe.

"Lakini bibi namnukuuje?"
Kama msomi mwingine yeyote.
Akaandika, ncha ya ulimi nje kama mtoto wa chekechea:
*Petrie, Isobel. Mazungumzo na mwandishi. Jikoni kwake, Lochee, Jumatano.*
Akafikiri, akaongeza tarehe.

Alipata hamsini na nane.
Mhadhiri aliandika kwamba utangulizi ni mrefu.
Ni kweli, ulikuwa mrefu.

Jumatatu linakuja kundi jingine.
Nimefuta slaidi thelathini na nane,
na sijui bado nitasema nini kwa muda uliobaki.
Ila nimeanza kuitazama saa iliyo juu ya mlango wetu,
ile tunayoitumia kuwatoza faini wanaochelewesha vitabu.
Inakimbia dakika mbili.
Nimesikia kwa nani?
Nimeipima mwenyewe.