Mizani ya Kopa

Ijumaa ya mshahara, Coventry, juu ya duka la baiskeli.
Meza yetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti,
bado una tundu la ufunguo, na sarafu hupenda kutumbukia humo.
Maureen anagawa. Miaka thelathini alikaza skrubu za magari,
karata haziwezi kumponyoka.

Mimi huziita kimoyomoyo kwa majina ya nyumbani:
shupaza, pau, uru, kopa.
Mfalme ni mzungu wa nne. Kila nikimpata nacheka ndani kwa ndani:
nimevuka bahari nije nimshike mzungu mkononi,
na kodi ya nyumba bado nalipa mwenyewe.

Leo nina kopa mbili, tisa na sita.
Mezani wamelala: ree ya kopa, nne ya kopa,
saba ya shupaza, na huyo mzungu wa nne, wa pau.
Imebaki karata moja kufunuliwa.
Chunguni mna pauni sitini.
Gurdev anasukuma thelathini, anasokota sharubu,
anaitazama mvua dirishani kana kwamba pesa si zake.

"Fuata, dada!" Kazungu ananigonga kiwiko.
"Moyo wangu unaniambia kopa inakuja."
Moyo wake ulimwambia hivyo saa mbili,
na saa tatu, na sasa anacheza na kikombe kitupu.

Nahesabu kwa vidole chini ya mlango,
kidole gumba kikigusa wenzake mmoja mmoja,
kama tulivyofundishwa shuleni kupima mizani ya shairi,
mwalimu akigonga dawati kila silabi ikizidi.
Kopa ni kumi na tatu, nne naziona, tisa zimejificha.
Karata nisizoziona ni arobaini na sita.
Tisa kunikomboa, thelathini na saba kunizika:
kunizika ni zaidi ya mara nne.
Na Gurdev ananiuzia kwa tisini kwa thelathini.
Mara tatu tu.

Labda nikiipata ataongeza?
Namwangalia: amebakiwa na pauni kumi na mbili.
Hata akinipa zote, hazizibi pengo.
Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi,
wakimaanisha chombo, lakini nami nina dau langu,
na mnyonge akitaka lifike, kwanza ajue upepo unauzwa bei gani.

Vidole vikaendelea vyenyewe:

*Tisa zimo furushini, zilizobaki si zangu,*
*Bei iko hadharani, tatu kwa moja, wenzangu,*
*Hata moyo ukighani, hauzidishi mafungu,*
*Natua, sina huzuni, leo si usiku wangu.*

Nikazilaza karata kifudifudi.

Maureen akafunua ya mwisho.
Kopa mbili.

Kazungu alishika kichwa kama aliyefiwa.
"Unaona? Unaona sasa?"
Gurdev alicheka hadi chai ikamwagika, akavuta chungu chote,
akanionyesha ree mbili ambazo ningezipiga.
Niliona, ndiyo. Tumbo lilinikata, sitadanganya.
Lakini karata iliyoanguka haikubadilisha bei niliyouziwa.
Ningecheza mkono ule mara mia, ningeutupa mara mia,
na mara ishirini hivi wangenicheka.

Kituoni, mvua ya kusimama tu hewani.
Basi dakika kumi na nne.
Kazungu anakohoa ile kikohozi yake ya utangulizi.
"Dada, nikopeshe arobaini. Ijumaa nakurudishia."
Kopa. Karata ile na ombi hili wanachangia jina.

Kidole gumba kikaanza tena, ndani ya mfuko wa koti:
amekopa mara saba, amelipa mbili.
Bei mbaya kuliko ya Gurdev,
na hapa hakuna chungu cha kuvuta.
Viatu vyake vimelowa hadi kwenye kamba.

Nikampa ishirini.
Si kwamba sikuhesabu.