Masega

Ilikuja asubuhi ya ukungu, pale Mafiati,
Fairlady nyekundu kama nyanya ya kuchagua,
ikinguruma hadi vikombe vya Mama Tusajigwe
vikatembea vyenyewe juu ya meza ya chai.
Vijana wakatupa spana, wakashangilia.
Mimi sikushangilia.
Sauti ile naijua. Niliizaa mimi.

Bi Subilaga akashuka na karatasi:
"Nimefelishwa. Wanasema moshi."
Mwandiko wa mkaguzi ulilalia kulia,
kaboni monoksidi: nne nukta nane.
"Wanasema gari halina masega.
Marehemu mume wangu aliagiza gari zima.
Fundi, masega huwa yanakwenda wapi?"

Nikajisukuma uvunguni.
Uvunguni hakuna anayekuona uso.

Yalikuwa mawili, la kulia na la kushoto,
kila moja ndani ya kopo la chuma kama mzinga,
vijitundu elfu, vyembamba, vya udongo mweupe,
ambamo moshi huingia umekasirika
ukatoka umenyamaza.
Mwaka ule alikuja mnunuzi kutoka Tunduma
na mizani ndogo na maneno matamu.
Mwenye gari alitaka nibadilishe bushi tu.
Nikakata, nikakung'uta, nikamimina kwenye kiroba,
makopo nikayajaza stilwulu, nikachomelea midomo,
sensa nikaivika kikofia isinuse kitu.
Mume akalisikia linavyonguruma, akafurahi,
akaniongezea ya soda.

Laki mbili na nusu.
Bati kumi na nne.

Baba alikuwa mrina asali kule Chunya.
Akipanda mtini na moshi wake wa majani mabichi
alikuwa akisema na nyuki, si na mimi:
tunagawana, hatukombi.
Sega la mwisho hakuligusa, hata mwaka wa njaa.
Nami chini nimeshika kamba, nalamba vidole.
Mchovya asali, wanasema, hachovyi mara moja.
Niulizeni mimi. Altezza ya mchungaji.
Noah mbili. Rav ya mwalimu wa Iyunga,
yule aliyenifundisha mtoto bure.

Mapya yalishuka na basi la usiku
kwenye boksi la maandishi ya Kijapani,
mazito, yamefungwa kama maiti ya mtoto wa mfalme.
Boliti za zamani zilishikwa na kutu;
nikazibembeleza kwa dizeli na kwa matusi,
mbili zikakatika, ya tatu ikanichana kiganja.
Gasketi mpya. Sensa nikaivua kofia
kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.
La kulia. La kushoto.
Nikawasha.

Kimya. Au si kimya: pumzi.
Ambokile, kijana wangu, akainama:
"Fundi, imekufa?"
Nikaweka kiganja nyuma ya bomba,
kile chenye kidonda,
kikalowa umande wa vuguvugu, basi.

Uwanja wa ukaguzi. Bi Kokusiima,
koti limefika masikioni, baridi ya kwetu
bado haijamzoea, akaingiza mrija kwenye bomba,
akasubiri, akaizaba mashine kofi,
akasubiri tena.
Sifuri nukta mbili.
Akagonga mhuri bila kuniangalia,
akasema tu: "Gari linalofuata."

Bi Subilaga akahesabu noti juu ya boneti.
Nikachukua za vipuri. Za mkono nikamrudishia.
"Umeokoka, fundi?" akacheka.
Mdomo nikaufungua.
Nikamwambia barabara ya Uyole inateleza,
apunguze mwendo kwenye kona.
Akaondoka, na kwa mara ya kwanza
nikasikia matairi ya gari lile yakikanyaga maji.

Usiku mvua ya Machi ikashuka kutoka Loleza,
ikatembea juu ya paa langu bati kwa bati.
Mke wangu amelala. Mimi nahesabu.
Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne.
Miaka yote hii, hakuna hata moja linalovuja.