Nyumba Inayotazamana na Jikoni

Taherali ataka nyumba ionekane pana.
"Mnunuzi yuko Dubai," asema, "atanunua kwa macho."
Basi nikafunga lenzi ya milimita kumi na sita,
na kichochoro cha Kibokoni, ambamo mikokoteni miwili haipishani,
kikageuka uwanja wa gwaride.
Kuta zikalala kinyumenyume
kama mtu aliyesikia deni lake likitajwa msikitini.
Nikafuta.

Ishirini na nne, basi. Nikarudi nyuma
hatua moja, ya pili, ya tatu,
mgongo ukagonga mlango wa watu.
Bado paa limekatwa.
Nikiinua kamera, nguzo zainamiana juu, zanong'onezana;
nikiishusha, nusu ya picha ni mtaro
na pikipiki ya mtu.
Hamsini sikuitoa hata mfukoni:
hapa ingenipa bawaba moja na msumari.
Ipo lenzi ya kunyoosha kuta. Bei yake
ni kodi ya chumba changu Majengo, mwaka mzima.
Niliishika mara moja dukani,
nikairudisha kwa mikono miwili.

Mlango ukafunguka.
"Wataka nini, mwanangu?"
"Nataka kuwa juu, na niko chini."
Bi Mwanatumu hakucheka. Akatazama nilikotazama.
"Pita. Kidato cha tatu kimeoza, kiruke."

Dirisha la jikoni, tui likichemka ubavuni,
lenzi ile ile,
na kuta zikasimama wima bila kuamrishwa.
Nikasogea kushoto kiasi cha kiganja:
tangi la plastiki likajificha nyuma ya bomba la mvua.
Nikangoja hadi saa nne na robo,
jua lipite kwa upembe juu ya chokaa,
matumbawe yatokeze pale plasta ilipobanduka.
"Niondoe soksi za mjukuu?"
Zilining'inia pembeni, za shule, kijivu.
"Ziache, Bi." Bila soksi zile
roshani ni kiberiti; hujui ukubwa wake.

"Nyembamba," akasema Taherali.
"Ndivyo ilivyo."
Akaweka kidole kwenye kioo. "Ulisimama wapi?"
Nikamwonyesha.
Miaka hamsini na moja anywa chai roshanini,
dirisha lile amelihesabu ukuta.

Ya Dubai hakuyataja tena siku ile.
Aliuliza bei ya kuichapisha kubwa, ya kutundika.
Sikumuuliza atatundika wapi.