Siku ya Tatu

Serikali ilinituma kumwogesha Loyola Coffey,
saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa,
nyumba ya mwisho kabla lami haijakatika,
Cape Shore, Newfoundland, ambako ukungu
huingia bila hodi na kushinda hadi mchana.
Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote,
kikambakizia mkono wa kushoto na macho.

Siku ya kwanza mkewe, Philomena, alinipa chai
nyeusi kama oili chafu.
Siku ya pili alinipa tena, na swali juu yake:
kwenu mnalima nini?
Viazi, nikasema.
Akacheka hadi akatua kikombe. Viazi! Afrika!
Nikamweleza Makete, na sakitu ya Julai
inayoacha majani kama yamemwagiwa maji ya moto,
na mama kutoka alfajiri na kandambili
kuhesabu matuta yaliyopona.
Hakucheka tena. Sakitu anaijua.

Siku ya tatu samaki walipanda ufukweni.
Wao huwaita keplini. Mimi niliwaita dagaa
na hakuna aliyebisha.
Wimbi linawatema, wanagaagaa juu ya kokoto,
wanataga na kufa kwa mkupuo mmoja, fedha tupu,
na Philomena mlangoni na buti za mpira
za Gerard, mwanawe, aliyeko Alberta kwenye mafuta.
Hajui neno la Kiswahili, wala methali yetu ya mgeni,
lakini mkono wa pili ulishika jembe la meno manne.

Tulijaza ndoo kumi na moja.
Kiazi kimoja, dagaa watatu, udongo.
Kiazi kimoja, dagaa watatu, shakwe mmoja mwizi,
tusi, udongo.
Na udongo wenyewe mwembamba,
umelala juu ya jabali kama shuka fupi:
ukivuta huku, miguu inabaki nje kule.
Mababu waliotoka Ireland hawakuukuta hapa.
Waliutengeneza, kwa mwani, samadi ya kondoo
na vichwa vya samaki, mgongo baada ya mgongo.
Sasa viunga saba vya jirani vimemezwa na vichaka,
watu wananunua viazi vya mfuko,
na ghala la mawe ubavuni mwa kilima
lina pipa moja, na chura.

Ukungu ulipopanda kutoka baharini
alinitia kipande cha mkate mfukoni:
kwa ajili ya wale wadogo wa kilimani,
wasije wakanipoteza njia.
Alisema kama anayekukumbusha mwavuli.
Saa tano njaa ikauma, nikaula.
Nilirudi salama vilevile. Sikumwambia.

Alasiri niliingia kumgeuza Loyola.
Akanidaka mkono, akaupeleka puani,
akanusa kidole kwa kidole
kama karani anayekagua noti.
Kisha akanitazama, akingoja.
Nikaelewa. Nikamwonyesha kina tulichofukia:
kidole, hadi kiungo cha pili.
Uso ukakunjamana, ule upande unaoweza.
Akaulaza mkono wangu kitandani, kiganja chini,
akavuta blanketi polepole;
likapita vidole, likapita kifundo,
akalirundika juu yake, tuta kamili,
akalipigapiga mara mbili
kama anayerudishia mlango wa ghala
asiamshe mtu.

Jikoni Philomena alikuwa ameshavua buti,
miguu imeelekea jiko.
Bwana shamba amekataa, nikamwambia.
Tufukie upya.
Akawataja watakatifu watatu, si kwa sala,
akaangalia dirishani jua limebakisha nini,
akazivaa.